Fundo

Njaa ilikuwa haijamaliza kutuhesabu
barua ilipofika Sarapul kwa meli ya mto:
maskauti wamefutwa,
vijana sasa ni wa serikali,
kila mali iandikwe.

Mali yenyewe: hema mbili, moja imetobolewa na panya,
sufuria, filimbi, dira isiyotulia,
wavulana kumi na wanne.
Zosimov wa kamati aliandika vyote ukurasa mmoja,
akalowesha mhuri kwa mate, wino ukiwa umekwisha.

Venyamin Lvovich, kiongozi wao, alisimama kando
kama mwenye nyumba aliyeambiwa abishe hodi kwanza.
Ndiye aliyewafundisha kusoma nyayo za sungura thelujini,
kuwasha moto kwa njiti moja,
kugawa samaki mmoja kwa midomo kumi na minne
bila mdomo hata mmoja kununa.
Wakamwuliza: umri? Baba yako alikuwa nani?
Akajibu: kasisi.
Kalamu ikasimama. Ikaendelea.

Filimbi walibaki nayo.
Na moto, na hema, na matembezi ya usiku;
hata lile neno la kuitana, “Uwe tayari!”,
walilisuuza kidogo tu wakalirudisha mahali pake.
Kilichobadilika ni yule unayemwitikia.

Skafu zilikuwa za kijani. Zililetwa kwa mama yangu,
Pelageya mtia rangi,
ndani ya kapu la viazi lisilo na viazi.
Alichemsha mizizi kutwa nzima, mimi nikikoroga,
lakini kijani hakipokei wekundu hivi hivi:
zilitoka rangi ya ini.

Zosimov akainua moja kwa ncha za vidole.
“Hii si nyekundu, Pelageya. Hili ni ini.”
“Ndugu Zosimov,” mama akasema, “mwaka huu
nani Sarapul ameliona ini hata alikumbuke?”
Alicheka. Nilimwona akicheka, nisimsingizie;
naye mashavu yalikuwa yamebonyea.
Akaandika: nyekundu, kumi na nne.

Ya kaka yangu Arseni ilichovywa ikiwa na fundo.
Alilifunga Venyamin Lvovich kwa mkono wake
asubuhi ile walipompeleka stesheni,
na Arseni, miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mlango wetu,
aligaagaa sakafuni lisifunguliwe.
Mama akaitumbukiza hivyo hivyo.

Alikuja kuwa Mpainia hodari, usidhani vingine.
Alipiga ngoma, alifundisha vikongwe kusoma,
alipanda jukwaani akasema juu ya makasisi
mambo ambayo mama aliyasikiliza akitazama viatu vyake.
Aliyaamini. Nami niliyaamini, hasa siku za joto.

Ila usiku mmoja, skafu imeanikwa juu ya jiko,
fundo lililegea kwa mvuke.
Ndani yake, kijani.
Si kikubwa: kadiri ya jani la mnanaa,
na mikunjo yake bado mikali.
Tulitazamana, Arseni na mimi.
Mama alikuwa amelala, au alijifanya.

Kesho yake ilikuwa gwaride. Akaniinamishia shingo.
“Funga pale pale,” akasema,
na vidole vyangu, ambavyo hakuna aliyewahi kuvifundisha
kwa kuwa wasichana hawakuandikwa,
vikakitafuta kile kijani,
vikakikunja ndani.