Sifuri Hadi Kumi

Desemba, Tampere. Saa tisa alasiri
na taa za barabara zimeshawashwa.
Daktari Hietala kanipa fomu:
kila tiba uipe alama, sifuri hadi kumi.
Kalamu naishika kwa mkono wa kulia
ili mkono huo upate kazi.

Glavu za pamba. Nilizivaa usiku,
nikaamka zimekunjwa vizuri chini ya mto
kama soksi za mtoto mwenye adabu,
na bega langu linavuja damu.
Nani alizivua? Mimi. Lini? Sijui.
Naandika mbili. Nafuta. Naandika tatu,
kwa sababu zilikuwa zawadi ya mama.

Vile vidonge vya kulainisha makohozi,
vinavyochemka kwenye glasi na kunuka yai viza:
wiki saba sikugusa kidevu.
Ya nane nilikirudia kama mdai.
Saba, basi.

Na yule kijana wa mazoezi, Jalmari,
aliyenifundisha kukunja ngumi na kuhesabu hadi sitini
kila vidole vinapoanza kutembea.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
kazi yetu mwaka mzima ilikuwa kuwatenga wawili,
gumba na cha shahada, wasikutane
kama majirani wenye kesi.
Wanakutana.
Lakini siku hizi huwa nasikia wakibisha hodi.

Televisheni haina kisanduku kwenye fomu.
Naiongeza mwenyewe pembeni, herufi ndogo.

Walikuja na taa tatu na dada wa vipodozi
aliyeniomba radhi: ameambiwa asinipake kitu.
Mtayarishaji akasema, Sirkku, tufanyie kidogo tu,
kama unavyofanya ukiwa peke yako.
Peke yangu, mbele ya watu sita.
Nikafanya. Hilo sijamwambia mtu.
Kwenye skrini paja langu lilijaa ukuta,
kigaga kimoja kipana kama ziwa Näsijärvi,
kinanda kikilia chini yake,
na sauti nzito ya kiume: mwanamke anayejila.

Sijili. Nasawazisha.
Kuna kipele, ncha ya sindano,
na dunia haitulii mpaka kiwe sawa,
na hakiwi sawa.
Kamera haikuona kichwa kinavyonyamaza
dakika zile ishirini. Kimya kitamu.
Hicho nacho hamna aliyeniuliza.

Miaka minne, sauna ya jengo letu,
nimejiandikisha zamu ya mwisho ili niwe peke yangu.
Jumamosi Aune wa ghorofa ya tatu, miaka themanini na moja,
akaingia bila kubisha, taulo begani,
akautazama mgongo wangu kama mtu atazamavyo mawingu,
akauliza: nimwage maji zaidi?
Mwaga, nikasema.
Mvuke ukapanda. Makovu yakawasha yote kwa pamoja.
Mikono niliikalia.

Hiyo si tiba, najua.
Usiku ule ule, ngazini, nilitonesha kiwiko.
Ila chini ya fomu kuna mistari miwili mitupu,
Mengineyo, na nimejaza:
Aune. Maji. Hakunipa pole.

Alama nimeiacha wazi.