Mshikio wa Ndoo

Mwanajaa alipanda darini na ndoo ya bati,
mshikio wake waya uliofungwa kitambaa,
akaniambia nisogee hadi ukutani.
Langoni nzima ilikuwa imelala adhuhuri.

Akaizungusha. Mbele, juu, nyuma, chini.
Ndoo kinywa wazi juu ya kichwa chake
na hata tone halikudondoka.

"Ni nini kinachoyazuia yasimwagike?"
Nikasema: kuna kitu kinayasukuma nje.
Akacheka, mkono haukusimama.
"Kitu gani? Kionyeshe kidole."
Sikuwa na cha kuonyesha ila anga.

Maji, alisema huku akihema,
hayataki kuzunguka. Hayana habari na nje wala ndani.
Yanataka mbele tu, moja kwa moja,
kama punda asiye na mwenyewe.
Mimi ndiye ninayeyapinda,
navuta, navuta,
na kila yakitaka kwenda
yanakuta kitako cha ndoo kimeyatangulia.

"Na ukichoka?"
"Nikipunguza, nitaoga."

Waya haukungoja achoke.
Ulikatika ndoo ikiwa juu kabisa,
na lau pangekuwa na mvutaji wa nje
ingepaa kwa kunguru.
Haikupaa.
Ilishika ndia ile ile iliyokuwa ikiielekea,
ikatupita nyuma, sawasawa na paa,
kisha uzito ukaiinamisha
ikaangukia ua wa Bwana Shelali,
juu ya jamvi la ukwaju.

"Ni nani menitupia ndoo?"
Mwanajaa akachungulia, kipande cha waya mkononi:
"Hapana aliyekutupia, Bwana.
Mimi nimeacha kuishika, basi."

Alichapwa, bila shaka.

Baadaye nilikuta kitabuni jina lake: kani kitovu.
Nikakumbuka changu kilikozikwa,
chini ya ngazi, nyumba ile ile.

Sasa niko Malindi, naunga magurudumu ya baiskeli,
na wanaotoka Amu bado huniuliza
nani alinifukuza.
Hapana aliyenifukuza.
Mama alikuwa akinipinda kila magharibi,
sauti yake dirishani, sahani iliyofunikwa kawa;
sikujua kwamba ni kuvutwa,
nilidhani ndivyo vichochoro vilivyo.
Siku tuliyomzika nilikwenda tu,
kule nilikokuwa nimeelekea.

Mwanajaa aliitia ndoo mshikio wa kamba.
Hunipigia simu Ijumaa, baada ya sala.
Hasemi rudi.
Huniuliza nimekula nini,
nami nahisi begani
kitu kidogo, kikivuta.