Saa ya Bidoni

Cirhuza, anayefundisha Kifaransa pale Nyawera,
aliniambia: andika alfajiri, akili ingali na umande.
Nikajaribu. Saa kumi na moja nimeketi,
blanketi mabegani, kalamu mkononi,
na Kadutu nzima ikaanza kukohoa:
mafagio, mabati, mlango wa Mama Nabintu
unaolia kama mbuzi aliyekanyagwa,
kengele ya misa ya kwanza,
kisha Mugisho, mwanangu, anatafuta soksi moja.
Daima ni moja.
Niliandika neno «asubuhi»,
nikalikata.

Nikasema basi, mchana.
Mchana niko sokoni, nauza nyuzi na vifungo,
na mistari hunijia kweli, haikatai,
ila huja pamoja na wateja,
na mteja ndiye anayelipa.
Nikaandika nyuma ya karatasi zinazoshika vifungo.
Vifungo vikauzwa,
beti zikaenda zao Bagira, Panzi, Walungu.
Pengine yuko fundi cherehani huko
anayeujua mwanzo wa shairi langu
kuliko mimi.

Jioni ndiyo niliyoitumainia.
Jioni ziwa liko kule chini,
limeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Jioni ni nzuri mno, na hiyo ndiyo kasoro yake:
inajiandika yenyewe,
mimi nanakili tu.
Halafu maharagwe yanaungua.

Usiku Bisimwa husema kwa upole, «Zima taa, umeme ni ghali»,
hata siku ambazo umeme haupo.
Ni mazoea. Nazima.

Kiangazi kile, mwezi wa saba,
maji ya mtaa wetu yalihamia saa tisa usiku.
Yakiamua kuja, bomba hupiga chafya,
hutema hewa, kutu kidogo,
kisha uzi mwembamba.
Bidoni ya lita ishirini hujaa
kwa muda wa rozari moja isiyo na haraka.
Nina bidoni sita, za manjano, bado zanuka mafuta ya mawese.
Usiku wa kwanza nilisinzia.
Usiku wa pili nilikuja na daftari la hesabu la Mugisho,
lile la miraba,
tochi ya simu nimeibana kati ya shavu na bega,
nikaandika:

   Maji yaja kwa kuiba, mji wote umelala,
   Haba haba si kibaba, bidoni haina hila,
   Nami natega kwa huba, tone, neno, hata sala,
   Bidoni ikishashiba

hapo baridi ikanipanda vidoleni.
Imefurika.
«Mama Mugisho! Toa!» Nabintu akafoka nyuma yangu,
na foleni yote ya madumu ikafoka pamoja naye.

Hivyo ndivyo nilivyoandika miezi miwili,
ubeti kwa bidoni,
sita kwa usiku, tano nikichapwa na usingizi.
Hakuna aliyeniita,
maana aliyesimama bombani ana kazi,
kila mtu anaiona kazi yake,
inajaa yenyewe mbele ya macho ya watu.

Mwezi wa tisa walitengeneza mfereji.
Sasa maji huja saa sita mchana, mengi, na kelele.
Tulishangilia. Mimi pia nilipiga vigelegele,
mgongo wangu ulivipiga zaidi.

Lakini saa tisa usiku macho hufumbuka yenyewe.
Juzi nikatoka na daftari,
nikaketi kando ya bomba, bila hata kikombe.
Nabintu akaja akiburuta kandambili.
«Yamekatika tena?»
«Hapana.»
Akalitazama daftari. Akanitazama.
Nilidhani atacheka.
Akakunja kitenge, akakaa juu ya jiwe lake la foleni,
bomba kati yetu, kavu.
«Haya», akasema. «Tega.»