Aliye Juu

Mimi nilikuwa tarumbeta ya nne,
kiti cha mwisho, karibu na mlango wa jikoni.
Kazi yangu ilikuwa sakafu: noti nene, za chini,
zile ambazo hakuna anayerudi nazo nyumbani.
Juu walikaa wengine.

Hosea Tarver, mtu mfupi wa Shreveport,
shingo kama kinu.
Alipaka midomo mafuta ya kondoo na kafuri,
na majira ya baridi alilala na kidomo cha tarumbeta kwapani,
kama kuku anayeatamia yai moja.
Dubuque, Jumamosi usiku, alipanda hadi noti
ambayo hakuna aliyemwandikia,
mshipi ukakatika,
akamaliza wimbo magoti yamebanana,
suruali ikishikwa na rehema za Mungu tu.
Bwana Mabry alimkata dola mbili.
Kesho yake akampa tano, alipodhani hatuoni.

Kisha Theron Guidry, ambaye hakutoka jasho.
Hilo lilituudhi.
Sisi mashavu yamevimba kama vyura,
yeye kafumba macho, kapaa,
sauti nyembamba kama uzi unaopita tundu la sindano
gizani, mara ya kwanza.
Kwenye basi alisoma Zaburi na orodha za bei za matrekta.
Alitaka shamba. Sijui kama alilipata.
Barua yangu ya mwisho ilirudi na muhuri.

Maili mia tatu, tucheze, kisha maili mia mbili.
Tulikula kwenye mifuko ya karatasi, nyuma ya mikahawa
ya watu waliokuwa wamelipa kutusikia.
Basi lilinuka soksi, machungwa, mafuta ya vali.
Alfajiri, kabla mtu hajasema neno,
ungesikia midomo ikipashwa moto viti vya nyuma,
mbrrr, mbrrr,
nyuki waliokosa mzinga.

Lakini nilikaa chini kuandika habari za Ellsworth.

Ellsworth Pinkney. Miaka kumi na moja kiti cha kwanza.
Sioux Falls, mwezi wa pili, theluji imefika madirishani,
nilimwona akigusa mdomo kwa leso,
leso ikarudi na doa.
Sikusema kitu.
Wa chini hamwambii wa juu kwamba kuna upepo.
Tukafika pale pake: ngoma inasukuma,
saksafoni zinapanga vidato vya ngazi,
naye akasimama, akainua shaba,
akavuta pumzi ya bendi nzima,

hakuna.

Hewa tu, ikipita bombani.
Nami kule chini nikaishika noti yangu,
ile ile nene isiyo na mpenzi,
nikaishika kama mtu anayeshikilia ngazi
mwenzake yuko paani.
Na nakuapia, wacheza dansi wakainua nyuso.
Wote. Mwanamke mmoja wa gauni la kijani
alifumba macho, akatabasamu,
uso umeelekea darini, mahali hasa
ambapo noti ingekuwa.
Walikuwa wanaijua. Walikuja nayo.
Makofi yakamlazimisha Mabry kuinama mara mbili.

Ellsworth hakuinama.
Aliilaza tarumbeta kisandukuni
kama anayemfunika mtoto aliyelala,
akashukia Omaha,
akauza rangi za nyumba miaka thelathini.

Watu wakiniuliza nani alifika juu zaidi
wanataka jina, wanataka kipimo.
Husemwa: aliye juu, mngoje chini.
Basi nimengoja.
Nina miaka themanini na nne, meno si yangu,
tarumbeta nimempa mjukuu, anaitundika kofia.
Tarver ameshashuka, nilimwaga udongo mwenyewe.
Guidry, sijui.
Ile ya Sioux Falls
haijashuka.