Kauli ya Kutendwa

Iredela, hii ni mara ya pili unazaliwa
na bado umekaa kwenye kiti kilekile cha mahameli,
mikono mapajani, ukingoja chai
ambayo unajua ina sumu.

Unajua! Ukurasa wa tatu umeshaeleza:
mume alikuuza, dada wa kambo akavaa pete yako,
ukanyweshwa, ukazikwa bila jina,
ukafumbua macho una miaka kumi na tisa tena.
Kwetu sisi wengine majuto ni mjukuu, huja mwishoni.
Wewe umempata mjukuu kabla ya mtoto,
umempakata, anakunong'oneza tarehe na majina ya wabaya wako,
nawe unambembeleza: nyamaza,
Mwinyi wa Kaskazini yuko njiani.

Mimi hulipwa kwa ukurasa kusahihisha hadithi yako.
Hapa Bucheon, ghorofa ya nne, juu ya duka la kuku wa kukaanga,
Desemba, sakafu ina moto na dirisha lina barafu.
Naruhusiwa kugusa nukta, mkato, tahajia.
Wewe siruhusiwi kukugusa.
Lakini nimehesabu. Sehemu ya sitini na moja peke yake:
ulibebwa mara nne, ulifunikwa koti mara tatu,
uliokolewa, ulibusiwa, ulisamehewa
kosa ambalo hukulifanya.
Ulilishwa zabibu, jamani, moja moja,
na mtu mwenye upanga.
Kitenzi ulichotenda mwenyewe ni kimoja:
ulizimia.

Ghorofa ya pili anakaa Bi Pyo Geum-sun.
Aliachwa (naam, kitenzi cha ukoo wako)
akiwa na miaka hamsini na saba.
Akaanguka mtihani wa kuendesha foklifti. Akaanguka tena.
Mara ya tatu aligonga nguzo, akacheka mbele ya msimamizi.
Mara ya nne akapita.
Hakufa kwanza. Hakuna aliyemwonyesha yajayo.
Siku ya leseni alinigongea mlango na viazi vitamu vya kuchoma,
akataka nimsomee herufi ndogo nyuma ya kadi,
maana miwani aliikalia.
Nilipomsimulia habari zako
alitafuna, akameza, akauliza:
"Na huyo, mikono anayo?"

Najua kwa nini wanakupenda.
Msichana aliyesimama saa kumi na mbili kiwandani
anakusoma kwenye treni ya mwisho, kisogo kimeegemea kioo,
naye anataka kubebwa, walau na maneno.
Simlaumu. Hata mimi juzi, homa imenishika,
nilirudia ile ya koti mara mbili.
Ila homa ikapoa, nikaona aibu,
na aibu ikageuka hasira, na hasira, kumbe,
ina vidole.

Saa nane usiku nilianza na zabibu.
Ulilishwa nikaandika ulikula.
Ulitolewa ukumbini nikaandika ulitoka.
Kikombe kikaondolewa? Hapana:
ulikimwaga, taratibu, kwenye zulia la mumeo,
ukimtazama.
Mikono yako ikatoka mapajani kama watoto waliofungiwa ndani.
Nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Asubuhi mwandishi akajibu, mstari mmoja, bila salamu:
*Rudisha yote. Wasomaji hawamtaki hivi.*

Nikarudisha. Kodi ni tarehe tano.
Ukazima tena, ukabebwa tena, zabibu zikakurudia mdomoni.
Kimoja tu nilikiacha,
sehemu ya sitini na tatu, katikati ya maelezo marefu ya mapazia
ambayo hakuna mtu huyasoma.
Palikuwa na *dirisha likafunguliwa*.
Sasa pana *akafungua dirisha*.

Wiki ya tatu hii. Hakuna aliyegundua.
Ngazini nasikia viatu vya chuma vya Bi Pyo vikishuka kazini,
na huko kwako, Iredela, chumba kizima
kinaanza kuingia baridi.