Mshenga Asiyefika

Kipimajoto kilisema thelathini na sita na nusu.
Mara mbili wakarudishwa nyumbani,
Ildikó na mwanawe, kwa basi la umeme,
barafu ikikatika vipande juu ya mto Tisza,
na daktari wa zamu alikuwa amesema kweli tupu:
mtoto hana homa.

Mara ya tatu Zsombor hakuweza kuinamisha shingo.
Maji ya uti wa mgongo yalitoka na ukungu wa usaha,
na paji la uso lilikuwa baridi kama kitasa.

Damu ikaletwa kwangu, ghorofa ya tatu, hapa Szeged,
mirija minne, jina limeandikwa mbiombio,
nukta za jina la ukoo zimesahauliwa.
Nikazimwagia chembe nyeupe maganda ya bakteria waliokufa,
nikangoja, kama mtu aliyepiga hodi.

Walinzi walikuwapo. Hili nataka lieleweke.
Kila kipokezi kilisimama mlangoni pa seli,
uso nje, mkia ndani,
kilimwona mgeni, kilimkamata ukosi,
kikageuka kusema,
na hapakuwa na wa kumwambia.

Maana kipokezi hakitembei.
Kimekazwa ukutani kama msumari.
Kati ya ukuta na kiini, ambako jeni hulala zimekunjwa kama shuka,
kuna protini ndogo isiyo na panga,
haikati, haichomi, haipiki chochote,
ina mikono miwili basi:
huu umeshika mkia wa kipokezi,
huu umeshika wa mwenzake, naye wa mwenzake,
mpaka wakajisokota mnara mdogo
na neno likapita kwenda ndani: washeni moto.

Mshenga. Sina jina lingine.
Haoi, haolewi, mahari haigusi,
harusi ikiisha hayumo hata kwenye picha.
Lakini siku asipofika
nyumba mbili hukaa zikitazamana
na wali unapoa.

Ya Zsombor ilikosewa herufi moja.
Moja, katika mstari ambao ningeufunika kwa ukucha.

Bibi yake, Etelka, muuza pilipili nyekundu sokoni,
aliniuliza kama homa inauzwa.
Hakucheka. Sikucheka.
Nikamwambia: dawa kila asubuhi, chanjo zote,
na miaka. Miaka nayo huufundisha mwili njia za panya.

Februari iliyofuata alinipigia simu usiku wa manane.
Thelathini na nane na pointi mbili, alisema,
akarudia, kama anayesoma namba ya bahati nasibu.
Yalikuwa mafua. Virusi hubisha mlango mwingine,
wenye mshenga mwingine, mzima.
Mpelekeni hospitali hata hivyo, nikasema.
Akasema gari liko njiani.
Akasema, ngoja kwanza,
na kwa muda mrefu hakusema kitu,
nikajua kiganja chake kimetua pale
na hakitaki kuondoka.