Mikono ya Kabahenda

Chumba chake kipo nyuma ya duka la misumari, Fort Portal:
pazia la kitenge, kitanda kimoja, birika linalochemka.
"Karibu, Abwooli," anamwambia mama,
na jina hilo pekee limeshalegeza bega moja.

Kisha mikono inasimama hewani,
shibiri moja juu ya kifua, haishuki.
Mama anafumbua jicho:
"Mbona hanigusi? Nimelipia mikono."
Nageuza kicheko kuwa kikohozi.

Baadaye ndiyo mafuta ya parachichi,
vidole gumba kwenye nyayo
zilizopanda vilima vya chai miaka thelathini,
kitambaa cha moto chenye mchaichai magotini.
"Na vidonge vya presha usiache," anasema,
"mimi na hospitali si wake wenza."

Kipi kilichofanya kazi, sijui.
Huenda mafuta. Huenda ile hewa.
Huenda kuulizwa tu, polepole, panapouma ni wapi.

Usiku, umeme umekatika, namkuta jikoni,
viganja vyake juu ya mgongo wa baba aliyesinzia mezani,
havijamgusa.
Bila kugeuka ananiambia:
"Nyamaza. Kuna joto."